Goti la Mama na Ngazi za London

Barua tatu za mwezi huu zimekuja kutoka Tukuyu, Makambako na Iringa, na zote zinauliza habari ya kutembea ndani ya London. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ina mgonjwa ndani yake.

SWALI

Dada, habari za Mbeya? Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa hapa Tukuyu. Mwezi wa saba mimi na mke wangu tunasafiri kwenda London, binti yetu wa pili anahitimu shahada ya uzamili. Anaishi na mumewe sehemu inaitwa Woolwich, na tutakaa kwao siku 12. Mahafali yenyewe yatafanyika South Kensington.

Sasa nyumbani kumezuka ubishi. Binti anasema, "Baba, msihangaike na treni za chini ya ardhi, tutachukua teksi kila mahali." Mkwe naye ananipigia pembeni, ananiambia teksi zitatumaliza, tupande treni kama watu wengine. Mke wangu ana goti la kushoto linalomsumbua tangu mwaka juzi, anatembea polepole na ngazi zinamshinda. Mimi miguu bado ninayo. Pensheni ya mwalimu unaijua mwenyewe. Huku kwetu nimezoea kupanda kosta mpaka Uyole, nikishuka hapo nachukua bajaji, basi. Wewe uliyekaa huko, tufuate la nani?

Mwalimu mstaafu, Tukuyu

JIBU

Shikamoo Mwalimu, na umpe Mama salamu zangu. Ndaga fijo kwa barua yako, na hongereni sana kwa kusomesha mtoto mpaka huko.

Msifuate la binti peke yake wala la mkwe peke yake. Kila siku kabla hamjatoka ndani, ulizeni kwanza goti la Mama litapita wapi, ndipo mfungue pochi. Kuna safari ambayo treni itamfaa Mama kuliko teksi yoyote, na kuna nyingine ambayo kumpandisha treni ni kumtesa. Halafu kuna basi, ambalo si binti wala mkwe aliyelitaja.

Nilikaa London miaka 12, mpaka 2023, nikifanya kazi ya kulea wazee. Nilipanga chumba Plumstead, jirani kabisa na Woolwich anapokaa binti yenu. Mwaka 2017 mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Kiwira, akiwa na miaka 68. Mwanamke mwenye nguvu, aliyepanda na kushuka vilima vya kwetu na ndoo kichwani tangu akiwa binti. Jumamosi moja nikampeleka Covent Garden. Kituo kile kiko chini sana, na abiria hupandishwa juu kwa lifti. Tulikuta watu wamejaa mbele ya lifti kama abiria wa Mwanjelwa jioni ya mvua. Pembeni kuna ngazi, na hapo mlangoni kuna kibao kinachosema ni ngazi 193. Nilikisoma. Nikamtazama mama, nikasema, "Twende, hizi hazitushindi."

Ngazi zile zinazunguka kama parafujo, unapanda huoni mwisho. Tulipofika kama ngazi ya sitini mama alisimama. Akaegemea ukuta, upindo wa kitenge ameushika mkononi usiburuze, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hata mlima Rungwe una mahali pa kukaa." Kurudi chini hatukuweza, watu walikuwa wanapanda nyuma yetu mmoja mmoja, wengine na mabegi. Tukapanda tukihesabu kumi, tunasimama, kumi nyingine, tunasimama. Tulipotoka nje mikono yake ilikuwa inatetemeka. Goti lake, ambalo mpaka siku hiyo halikuwa na neno, usiku ule lilivimba likawa kama papai, na safari yake yote iliyobaki tulikwenda kwa kipimo cha goti hilo. Foleni ya lifti ingetuchukua dakika tano. Jambo hilo bado linaniuma, Mwalimu, ndiyo maana barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Usije ukadhani Waingereza hawajali wazee. Tatizo la treni zile ni umri. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa hapo London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, treni zikivutwa na injini za mvuke humo humo ndani ya handaki. Wakati huo hakuna aliyewaza mtu wa kiti cha magurudumu. Leo Tube, kama wenyeji wanavyoiita, ina vituo 272, na ni kama theluthi moja tu ya vituo hivyo ambavyo unaweza kutoka barabarani mpaka kwenye jukwaa la treni bila kukanyaga ngazi. Kwa hiyo binti akiwaonyesha ramani ya treni, msitazame rangi za njia kwanza. Tafuteni alama ndogo ya kiti cha magurudumu. Ikiwa kwenye duara la buluu, hakuna ngazi tangu barabarani mpaka ndani ya treni. Ikiwa kwenye duara jeupe, hakuna ngazi mpaka jukwaani, ila kuingia kwenye behewa kunaweza kuwa na kidato au upenyo. Kituo kisicho na alama, kwa Mama mkihesabu kuwa hakipo.

Tuje kwenye siku mnayofika, kwa kuwa ndiyo itakayokula hela au kuokoa hela. Heathrow iko magharibi ya mji na Woolwich iko mashariki, yaani mtaukata mji mzima. Teksi kwa mwendo huo itapita pauni 100, na foleni ikiwa mbaya itapita zaidi, kwa sababu mita inahesabu hata gari likisimama. Pauni moja sasa ni zaidi ya shilingi 3,000. Hiyo ni nauli ya basi ya watu wawili Mbeya hadi Dar, kwenda na kurudi, na chenji inabaki. Mkwe naye, nadhani, atataka muingie treni ya Piccadilly, ile ya bei nafuu: mwaka 2025 ilikuwa pauni 5.80 kutoka Heathrow mpaka katikati ya mji. Bei nzuri, lakini haifiki Woolwich. Mtabadilisha njiani na mabegi, mtembee korido ndefu za chini kwa chini, halafu mwishoni mtafute chombo kingine. Mama baada ya kukaa kwenye ndege usiku kucha? Hapana.

Kuna treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Hiyo si Tube kwa jina, ingawa katikati ya mji inapita chini ya ardhi vilevile. Vituo vyake vyote 41 vina njia isiyo na ngazi. Inatoka Heathrow na inapita Woolwich penyewe. Mnashuka kwenye ndege, mnachukua lifti, mnakaa, na baada ya kama saa moja mnapanda lifti nyingine mnatokea juu, Woolwich, binti yupo mlangoni. Nauli yake imezidi ya Piccadilly, ni zaidi ya pauni 13 kwa mtu mmoja, lakini hapo kila pauni inafanya kazi. Someni tu kibao cha jukwaani: treni iwe inakwenda Abbey Wood. Kama mmeingia ile ya Shenfield msiogope, shukeni Whitechapel, msubiri ya Abbey Wood jukwaa hilohilo.

Basi kwa siku hiyo mkwe amepatia kusema treni, ila siyo treni anayoifikiria yeye.

Siku ya mahafali binti ndiye atakayepata haki yake, kwa kipande tu. Kituo cha South Kensington kipo, lakini kutoka kwenye treni mpaka barabarani kuna ngazi, na nje kuna mwendo wa miguu kutegemea ukumbi uko wapi. Mama atakuwa amevaa, amesuka, ana viatu vya sherehe. Fanyeni hivi: pandeni Elizabeth kutoka Woolwich mpaka Paddington, kama dakika 25, hakuna ngazi. Hapo Paddington kuna kijiwe cha teksi nyeusi. Chukueni moja mpaka mlangoni mwa ukumbi. Ni mwendo mfupi, mnavuka bustani ya Hyde Park upande wa pili mmefika. Nyinyi mko wanne, na nauli ya teksi ni ya gari, siyo ya kichwa, kwa hiyo igawanyeni kwa wanne muone ilivyo ndogo. Teksi kwa safari nzima kutoka Woolwich siku hiyo ingewatia hasara, na pia ingewachelewesha, maana asubuhi barabara za kuingia mjini zinajaa kama Mafiati siku za kazi.

Nizisifu kidogo hizo teksi nyeusi, maana nikisikia mtu anazilinganisha na gari lolote lile naona anazionea. Dereva wake hapewi leseni mpaka afaulu mtihani uliokuwepo tangu 1865. Anatakiwa kuzijua mitaa na barabara kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, azijue kichwani, na mitihani hiyo humchukua mtu miaka mitatu, minne. Utawaona vijana wanazunguka na pikipiki ndogo, karatasi imebanwa mbele kwenye usukani, wanakariri mitaa. Wenzetu wa bajaji hapa Mbeya wanajua mpaka uchochoro wa mwisho wa Ilemi, na wangewaelewa watu hawa vizuri sana. Lililo muhimu kwa Mama ni kwamba teksi nyeusi zote zina njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, sakafu ni pana, na mtu mwenye goti bovu ananyoosha mguu mbele bila kugusa kiti cha mwenzake. Kadi ya benki wanapokea wote. Bei ya mita ni ya chini kabisa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11 alfajiri hadi saa 2 usiku. Ikifika saa 4 usiku inapanda ile ya juu kabisa mpaka alfajiri, siku zote.

Siku nyingine zote ambazo mnakwenda kutazama mji, pandeni basi. Ninasema hili kwa moyo wote, kwa sababu ndilo lililoniokoa mimi na mama baada ya siku ile ya Covent Garden. Mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu mguse kadi mnaweza kushuka na kupanda mengine bila kulipa tena. Mkishalipa nauli tatu kwa siku, yanayofuata ni bure mpaka siku iishe. Basi linainamishwa mpaka karibu na ukingo wa barabara, Mama anaingia kama anaingia sebuleni. Viti vya mbele chini ni vya wazee na wagonjwa. Huku kwetu kijana akimwona mama anaingia anasimama mwenyewe. Kule vijana wengi macho yako kwenye simu, si kwamba wanamdharau, hawajamwona tu. Mwambieni kwa upole kwamba Mama anahitaji kiti, atanyanyuka papo hapo na kuomba radhi. Basi namba 15 linapita kanisa la St Paul's na ngome ya Tower of London. Mama yangu alilipanda mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananionyesha yeye.

Wewe, Mwalimu, ambaye miguu unayo, siku moja mwache Mama apumzike, mkwe akupeleke kwenye Tube. Usirudi Tukuyu hujaipanda. Simama upande wa kulia kwenye ngazi za umeme, kushoto ni kwa wenye haraka, na hilo wanalishika kama sheria. Pale kituo cha Angel kuna ngazi za umeme ndefu kuliko zote za Tube, kama mita 60. Na jihadhari na ramani. Ile ramani nzuri yenye mistari iliyonyooka ilichorwa na Harry Beck, ikatolewa kwa umma 1933, naye alitaka ionyeshe vituo vinavyofuatana, umbali hakuuhesabu. Kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden ni kama mita 260 tu. Kila siku wageni wanashuka chini, wanasubiri treni, wanapanda, wanashuka, wanapanda lifti, na wamelipa nauli kamili, kwa mwendo ambao wewe kutoka Kabwe kwenda sokoni Mwanjelwa hungeweza hata kufikiria kuita bajaji.

La kadi nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Kwenye mabasi ya London hawapokei fedha taslimu tangu 2014. Kila mtu awe na kadi yake, ama ya benki inayogusishwa au ile ya Oyster ya kuongeza salio. Wewe na Mama hamwezi kupita getini kwa kadi moja. Kwenye treni unagusa unapoingia na unagusa unapotoka, kadi ileile, na ukiingia kwa kadi usitoke kwa simu hata kama ni akaunti moja, mashine inawaona watu wawili. Kwenye basi unagusa kuingia tu. Wiki zangu mbili za kwanza nilikuwa nashukia kituo cha zile treni ndogo zisizo na dereva, ambacho hakina geti, kuna nguzo tu yenye mashine. Nilikuwa napita bila kugusa kwa sababu hakuna kilichonizuia. Kila siku nikakatwa nauli ya juu kabisa, na niligundua siku mshahara wa kwanza ulipoingia nikakuta nauli imekula robo yake. Kwa mfanyakazi mgeni anayetuma hela nyumbani, hilo si jambo dogo.

Msipande treni asubuhi kati ya saa 12 na nusu na saa 3 na nusu kama hamna lazima, wala jioni saa 10 hadi saa 1, Jumatatu hadi Ijumaa. Nauli za treni nyingi zinapanda na Mama atasukumwa. Kuhusu saa zenyewe kumbukeni kule wanahesabu tangu usiku wa manane: binti akisema tukutane saa tisa asubuhi, ni saa tatu yetu.

Na masweta yaacheni. Najua mwezi wa saba Uporoto baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na mtaondoka Tukuyu mmejifunika. Kule ni kiangazi, na treni za chini sana kama Central zinakuwa na joto la kukata pumzi. Mama awe na kitenge chepesi, chupa ya maji, na dawa zake kwenye pochi ya mkononi, zisiwe kwenye begi kubwa.

SWALI

Mama, shikamoo. Nimepata nafasi ya kwenda London kwa mafunzo ya kazi wiki tatu. Ninaogopa sana kupanda treni inayopita chini ya ardhi. Nikifikiria udongo wote ule juu ya kichwa nakosa usingizi. Nina bajeti ndogo, teksi kila siku sitaweza. Nifanyeje?

Kijana wa Makambako

JIBU

Marahaba mwanangu. Hofu yako ni ya kweli na sitakuambia uidharau. Ila nikuulize: umewahi kupanda TAZARA kwenda Dar? Mtu wa Makambako anayetelemka Mlimba anapita mahandaki mengi, yaliyochimbwa na Watanzania na Wachina pamoja miaka ya sabini. Unakaa dirishani, giza linaingia, kelele za magurudumu zinabadilika, watoto wanapiga ukelele, kisha mwanga unarudi na bonde lote liko chini yako. Kama hapo ulitulia, basi mwili wako unakijua kitu hiki. Kama hujawahi, panda kabla ya safari yako. Nauli yake ni ndogo kuliko teksi moja ya London, na utajijua.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba chini ya nusu ya reli za Tube ndiyo iko ndani ya mahandaki. Kwingine kote treni inakwenda juu, unaona bustani za watu na nguo kwenye kamba. Halafu njia hazilingani. Circle, District na Metropolitan zilijengwa karibu na uso wa ardhi, mabehewa yake ni mapana, yana kipoza hewa, na unaweza kuona treni yote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kuwa hakuna milango ya kuyatenga. Anza na hizo. Panda kituo kimoja, shuka, tulia. Kesho yake vituo vitatu. Northern na Bakerloo, ambazo ziko chini zaidi na mabehewa yake ni madogo yenye paa la kuinama, ziache mpaka utakapokuwa tayari, na kama hutakuwa tayari kamwe, mabasi yanafika kote huko. Utaamka mapema nusu saa zaidi ya wenzako, hiyo tu.

SWALI

Kamwene Mama. Mimi ni muuguzi hapa Iringa, nakwenda London kozi ya miezi mitatu. Nitakaa Brixton na siku nyingine nitatoka saa 5 usiku. Rafiki yangu ananiambia usiku ni teksi tu, treni ni hatari kwa mwanamke. Ni kweli?

Muuguzi, Iringa

JIBU

Kamwene mwanangu. Kwa saa 5 usiku, treni bado zipo na zina watu, hata ukitoka darasani ukiwa umechoka. Brixton ni mwisho wa njia ya Victoria, kwa hiyo huwezi kupitiliza hata ukisinzia. Treni za kawaida zinaendelea mpaka saa 6 usiku hivi. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, Victoria inafanya kazi usiku kucha, na Jubilee nayo, pamoja na sehemu kubwa za Central, Northern na Piccadilly. Hilo lilianza Agosti 2016. Siku nyingine kuna mabasi ya usiku. Nilifanya zamu za usiku miaka mingi, na nilichojifunza ni kukaa kwenye behewa lenye watu, siyo lililo tupu, na kwenye basi kukaa chini karibu na dereva. Ukiingia behewa ukaona mtu hujampenda anavyokutazama, shuka kituo kinachofuata uhamie behewa jingine. Huna haja ya kumpa mtu sababu.

Hatari niliyoipata mimi haikuwa ndani ya treni. Nilipofika mara ya kwanza mwaka 2011, usiku, baridi ya Januari, mtu aliyevaa koti zuri alinifuata kwenye ukumbi wa kutokea abiria akaniuliza kama nataka teksi. Alibeba begi langu kabla sijajibu. Gari lilikuwa la kawaida, halina kibao wala mita. Tulikubaliana pauni 60. Katikati ya safari alisimama pembeni ya barabara ambayo sikuijua akasema ni 95, la sivyo nishuke. Nilikuwa na bahasha ya pauni 120 niliyochangiwa na ndugu zangu kwa ajili ya mwezi mzima. Nililipa. Sikulala usiku ule, na kwa wiki nzima nilikula mkate na chai.

Kwa hiyo shika hili. Pale London, teksi unayoruhusiwa kuipungia mkono barabarani ni ile nyeusi peke yake, na taa ya juu ya kioo ikiwaka maana yake haina abiria. Magari mengine yote ya kukodi lazima yaitwe kabla, kwa simu au kwa programu, na dereva awe na leseni. Anayekuuliza barabarani au uwanja wa ndege kama unataka gari hana ruhusa ya kukubeba, hata awe na tabasamu la aina gani. Ukiita gari, mwache dereva akutajie jina lako yeye, usimtajie wewe, na linganisha namba ya gari na ile uliyotumiwa. Kaa kiti cha nyuma, na mtumie mwenzako wa chumba namba hiyo kabla gari halijaondoka.